Tarehe Chini ya Kopo

Ukitaka kumuudhi Mama Chanuo, usihangaike kutafuta matusi. Muulize tu, kwa upole, kama dawa zake za nywele ni za kweli. Atashusha mikono, atakutazama kuanzia kucha za miguu hadi utosini, kisha atakuuliza na wewe kama meno yako ni ya kweli.

Jina la Chanuo alilipata kwa sababu ya chanuo la mbao alilozoea kulichomeka kichwani akiwa kazini, akalisahau huko huko. Lilifika naye sokoni, lilifika naye kwenye mikutano ya wazazi shuleni, na mumewe anadai limewahi kumtoboa bega usingizini. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili. Kiti cha dirishani ni chake, cha mlangoni ni cha wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mcheshi ambaye mdomo wake hauna breki. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja na hawajawahi kupatana juu ya redio iwekwe kituo gani.

Jambo moja tu halikuwa na mjadala humo ndani, nalo ni mahali pa kununua dawa. Mama Chanuo alinunua kwa binamu yake, mtoto wa shangazi yake, mwenye duka la vifaa vya saluni karibu na kituo cha mabasi. Wachuuzi waliopita na mabegi yaliyojaa makopo ya bei poa aliwafukuza kabla hawajamaliza salamu. Kwa Bi Vioo, mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara, wachuuzi hao walikaribishwa na kupewa kiti, na Mama Chanuo hakuwahi kulifumbia macho. Aliwaambia wateja wake wazi kwamba yule mama ananunua popote, na kwamba ukitoka kwake ukikutana na upepo, shika nywele zako kwa mikono miwili.

"Mimi dawa nanunua kwa mtu ninayemjua," alisema. Alilisema mara nyingi mno, hata wifi yake akawa analimalizia kwa kuigiza sauti.

Halafu kulikuwa na usafi. Kopo la dawa ya kulainisha nywele likifunguliwa halifai kukaa zaidi ya miezi mitatu, kwa hiyo kila alipofungua kopo jipya Mama Chanuo aliligeuza, akakwaruza tarehe chini yake kwa mkia wa chuma wa kitana chake. Kopo likiisha, hakulitupa. Aliliosha ndani na nje kwa maji ya moto, akalianika ukutani nyuma ya saluni pamoja na kifuniko chake, mpaka apite mzee wa mabeseni. Mzee huyo alikuja na mkokoteni kila baada ya wiki mbili hivi, akachagua makopo ambayo lebo zake hazijachubuka na vifuniko vyake vinakaza. Makopo manne safi, beseni moja. Mabeseni yote ya saluni, ya bluu na ya kijani, yalipatikana hivyo. Mzee aliwahi kumwambia kwamba mtaa mzima hakuna makopo yanayong'aa kama yake, na siku hiyo Mama Chanuo alitembea kwa madaha mpaka jioni. Makopo hayo yalikokwenda hakuuliza. Ungemuuliza wewe, angekujibu kwamba watu wanawekea sukari.

Sasa, Jumatano moja alikuja Mwalimu.

Mama huyu alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya mtaani na alikuwa anastaafu mwisho wa wiki. Alimfundisha Mama Chanuo darasa la tatu, akawafundisha na wanawe. Miaka miwili nyuma aliugua, na dawa za hospitali zikamnyonyoa nywele vishungi kwa vishungi. Mama Chanuo ndiye aliyemnyoa zilizobaki. Alifunga mlango wa saluni, akamgeuzia kiti ukutani asijione kwenye kioo, akanyoa bila kusema neno. Mwalimu naye hakusema neno, ila alipotoka alimshika mkono akaung'ang'ania kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwona Mwalimu bila kilemba. Nywele ziliota taratibu, zikafika urefu wa kidole, na daktari akamruhusu kuzifanyia atakalo.

Alitaka zilainishwe, zilazwe nyuma, kama alivyokuwa zamani. Kwenye ukumbi wa shule kuna ukuta wenye picha za wakuu wote waliopita, na mpiga picha alikuwa anakuja Alhamisi asubuhi.

"Sitaki kutundikwa pale na kilemba miaka yote," alimwambia Mama Chanuo. "Watoto watadhani nilikuwa naficha kitu."

Mama Chanuo hakukimbilia. Siku mbili kabla, Jumatatu, alimwita, akampaka dawa kidogo kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio, akasubiri, akaosha, akaangalia. Kichwa kilichotoka kwenye ugonjwa hakichezewi. Kishungi kililala vizuri, ngozi haikubadilika rangi, na Mwalimu akaenda nyumbani akitabasamu. Dawa iliyotumika kwa jaribio hilo ilikuwa ya mwisho kwenye kopo la zamani. Jumatano alifungua jipya. Jina lile lile, lebo ile ile, duka lile lile. Msusi yeyote angekwambia kwamba jaribio limeshafanyika, na hapo ndipo kosa lilipokaa.

Karatasi ya kung'aa inayoziba kopo chini ya kifuniko ilikuwepo, haijachanika. Alinusa, harufu ilikuwa ile ile. Dawa ilikuwa nyepesi kidogo, akasema moyoni kwamba ni joto la mwezi huu. Alimpaka Mwalimu mafuta mazito kuzunguka paji la uso, masikio na shingo, akavaa glavu, akaanza kisogoni, maana nywele za kisogoni ndizo sugu na huchelewa kulainika. Mwalimu alikuwa anasimulia jinsi wanafunzi wa darasa la kwanza walivyomuuliza kama kustaafu kunauma. Mama Chanuo alicheka, akapaka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Wifi," akasema wifi yake kutoka mlangoni, huku akikunja taulo, "leo umesahau tarehe. Ukizeeka useme tukutafutie mtu."

"Mzee ni kaka yako," akajibu Mama Chanuo. Akachukua kitana, akaligeuza kopo.

Tarehe ilikuwepo.

Alidhani ameiandika mwenyewe dakika chache zilizopita akasahau. Akaisoma. Ilikuwa ya mwaka jana, mwezi wa saba, na ile saba ilikuwa na kijiti tumboni, jinsi anavyoiandika yeye na hakuna mwingine pale mtaani. Mikwaruzo yenyewe ilikuwa imesuguliwa kwa kitu kigumu, mtu amejaribu kuifuta akachoka njiani. Kopo hili aliliosha yeye kwa mikono yake. Alilianika ukutani. Lilikwenda na mkokoteni wa mabeseni, likajazwa kitu huko lilikokwenda, likarudi dukani, likarudi kwake, na kitu hicho sasa kilikuwa kichwani kwa Mwalimu.

"Inawasha kidogo," akasema Mwalimu. "Ni kawaida, sivyo?"

Kwa dawa anayoijua, kuwasha huanza dakika ya kumi, wakati mwingine hakuanzi kabisa. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba zimepita dakika nne.

"Tunaosha sasa hivi, Mwalimu," akasema, na hakuitambua sauti yake. "Inuka taratibu. Usiguse kichwa."

"Mbona mapema?"

"Inuka, Mwalimu."

Wifi alimtazama usoni mara moja tu, akaacha taulo zianguke. Bomba la sinki, kama desturi yake, lilikuwa linatoa uzi wa maji. Wifi alitoka mbio nyuma, kwenye pipa, akarudi na beseni limejaa hadi mdomoni, nusu ya maji imeishia kwenye gauni lake. Mama Chanuo alimlaza Mwalimu kwenye sinki, akamimina maji kisogoni kwa jagi, mfululizo, kidole gumba chake kikilinda ukingo wa sikio.

"Shampuu," akasema wifi, akamsogezea chupa. Ni ile shampuu ya kuikata dawa, bila hiyo dawa huendelea kula nywele hata ukidhani umeosha. Mama Chanuo alinyoosha mkono kuipokea, kisha mkono ukasimama hewani. Chupa ile ilikuja kwenye boksi moja na lile kopo.

Akamtazama wifi yake. Wifi akaitazama chupa, akaiweka sakafuni polepole kama kitu kinachoweza kuuma.

"Maji tu," akasema Mama Chanuo. "Maji mengi. Usiache kuleta."

Beseni la pili, la tatu, la tano. Hakuna aliyewasha redio siku hiyo, na katika ule ukimya ilisikika sauti ya maji na viatu vya wifi vikienda na kurudi. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Aliuma meno, akashika mikono ya kiti, asilalamike. Mama Chanuo angependa alalamike. Aliosha mpaka vidole vyake vikakunjamana ndani ya glavu zilizojaa maji, akazivua, akaendelea na mikono mitupu ili ahisi ngozi ilivyo. Ilikuwa ya moto. Kwenye beseni la saba kishungi kilimfuata vidoleni, chepesi, laini kabisa. Kisha kingine. Akavikunja ndani ya kiganja, akavitia mfukoni mwa aproni.

Lilipoisha la kumi na mbili, joto la ngozi lilikuwa limeshuka. Alimkausha kwa taulo, kwa kubonyeza, bila kusugua, akatazama. Utosini nywele zilikuwa salama, dawa haikufika huko. Kisogoni, juu kidogo ya shingo, palikuwa na kipara cha ukubwa wa vidole vitatu, chekundu, kinang'aa, na pembeni yake nywele nyingine zilizokatika katikati. Alimfunga taulo safi kichwani. Akamrudisha kitini.

Alitoka nyuma ya saluni, akampigia binamu yake simu. Binamu alipokea kwa vicheko vyake vya siku zote.

"Ule mzigo wa mwisho umeutoa wapi?" akauliza Mama Chanuo. Hakusalimia.

Vicheko vikakatika. "Kwa nini, dada?"

"Umeutoa wapi?"

"Sikiliza. Gari la wakala lilichelewa, wiki ya tatu ile. Akaja jamaa na mzigo msafi, makopo mazuri, yamefungwa. Nikachukua maboksi machache ya kusukumia siku."

"Humjui."

"Simjui, lakini—"

"Miaka kumi na mitano nawaambia watu nanunua kwa mtu ninayemjua, na wewe unanunua kwa mtu usiyemjua."

"Dada, nani alikuwa ananipigia simu kila asubuhi? Dawa iko wapi, dawa iko wapi, wateja wataniacha. Si wewe?" Sauti yake ilikuwa imepanda, halafu ikashuka. "Kuna mtu ameumia?"

Akamwambia yupo. Akamwambia ayatoe yote rafuni saa hiyo hiyo na awapigie simu wote waliochukua. Binamu alisema anayatoa, na sauti yake ilionyesha kuogopa kweli, lakini Mama Chanuo alikuwa ameshakata. Ukutani mbele yake makopo mawili aliyoyaosha jana yalikuwa yanakauka, kinywa chini, yanang'aa. Hasira aliyokuwa nayo kwa binamu ilimgeukia yeye mwenyewe.

Wifi alimfuata nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Mwalimu ana watu wengi," akanong'ona. "Ukimwambia habari ya kopo, kesho mtaa mzima unajua, na kesho kutwa tunauza viti. Muulize kama alijikuna. Basi."

Wasusi wote duniani wanalijua swali hilo. Dawa ikimuunguza mteja, unamuuliza kama alijikuna kichwa jana yake, na nani asiyejikuna? Mteja anakumbuka kwamba alijikuna, anajilaumu, anaomba radhi yeye, na wewe unatoka mweupe pe. Mama Chanuo aliwahi kulitumia mara moja au mbili ujanani. Ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini linafanya kazi.

Akarudi ndani. Mwalimu alikuwa amekaa wima kitini, mikono mapajani, taulo kichwani. Alikuwa ameshapitisha vidole chini ya taulo, hilo lilionekana.

"Pametoka, sivyo?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nadhani nilijikuna," akasema Mwalimu. "Usiku nilikuwa na wasiwasi wa picha, nilijikuna sana. Usijisumbue, mwanangu. Kosa ni langu."

Hapo mambo yangekuwa yamekwisha. Wifi alisimama mlangoni, macho yake yakiomba. Mama Chanuo aliona aibu kwa sababu kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa nafuu. Mwanamke huyu alikuwa amevuliwa nywele mara mbili, na sasa alikuwa anambebea na lawama.

"Hukujikuna," akasema.

Akalichukua kopo, akaliweka mapajani kwa Mwalimu likiwa limepinduliwa, akamweleza yote. Hakujitetea. Alisema habari ya mabeseni, ya maji ya moto, ya kuanika, ya mzee aliyemsifu. Alisema kwamba Jumatatu alijaribu dawa nyingine na leo akapaka nyingine, na kwamba angelipindua kopo kabla ya kupaka badala ya baada, hayo yote yasingetokea. Alipomaliza alikuwa analia, na wifi naye alikuwa ameegemea kizingiti akitazama sakafu.

Mwalimu alisoma ile tarehe. Alipitisha kidole juu ya mikwaruzo, mara moja, mara ya pili.

"Nimekasirika," akasema hatimaye. "Nataka ulijue hilo. Nitakasirika zaidi nikifika nyumbani."

"Ni haki yako."

"Makopo mangapi umempa huyo mzee?"

Mama Chanuo alitazama mabeseni. Yalikuwa kila mahali, chini ya sinki, juu ya kabati, mlangoni, mengine yakiwa bado yanadondosha maji.

"Mengi, Mwalimu. Sijui idadi."

"Mimi nimepata mtu wa kuniambia ukweli. Waliopakwa dawa ya makopo hayo mengine, nani amewaambia?" Hakungoja jibu. "Mtaa huu una saluni ngapi?"

"Saba, pamoja na hii."

"Basi inuka."

Wifi alisema kilemba cha Mwalimu kiko kwenye kulabu. Mwalimu alikitazama, akakiacha. Alitoka barabarani na taulo lake kichwani, mkuu wa shule, adhuhuri kweupe, na Mama Chanuo akamfuata na kopo mkononi. Wanafunzi wawili waliotoka kununua madaftari walimwamkia, akaitikia.

Alivuka barabara. Mama Chanuo alitaka kumwambia waanzie kwingine, popote pale, lakini Mwalimu alikuwa ameshasukuma mlango wa Bi Vioo.

Ndani kulikuwa na mteja mmoja, msichana mwenye vibanio kichwani, na Bi Vioo amesimama nyuma yake, amevaa glavu, kopo limefunguliwa mezani. Lebo ile ile. Alipomwona jirani yake mlangoni, nyusi zikapanda.

"Jamani, leo umepotea njia?"

"Naomba usimpake," akasema Mama Chanuo. "Dawa hiyo pindua kopo lake kwanza. Kuna mzigo wa bandia umeingia. Hata mimi umenifikia."

Bi Vioo alimwangalia, akamwangalia mteja wake, akacheka kicheko cha puani.

"Miaka yote unawaambia watu nywele zangu zinaondoka na upepo. Leo umeona maneno hayatoshi, unakuja kunifukuzia mteja kitini? Toka, mama. Kila mtu ana mahali anaponunua. Mimi huyu aliyeniuzia namjua."

Mama Chanuo angejibuje? Neno lile lilikuwa lake. Angelia tena, angepiga magoti, na mwanamke huyu asingeamini hata herufi moja, wala yeye asingeamini kama ingekuwa kinyume chake. Bi Vioo alichota dawa kwa ncha ya kitana, akagawanya nywele za yule msichana kisogoni.

Mwalimu alisogea mpaka katikati ya chumba. Alifungua taulo, akalivuta, akalishika mkononi. Kisha akawapa mgongo, akainamisha kichwa, na vioo vya kuta zote nne vikakionyesha kisogo chake kila upande, chekundu, kimenyonyoka, kibichi. Miaka miwili hakuna aliyemwona bila kilemba. Alikaa hivyo, ameinama, akamwacha kila mtu atazame mpaka atosheke.

Yule msichana alifunika kichwa chake kwa mikono. Kitana cha Bi Vioo kilikuwa bado hewani, na dawa ilidondoka tone moja kwenye bega la msichana, ndani ya kola.

"Maji," akasema Bi Vioo kwa sauti ndogo. "Bomba langu halitoi maji toka asubuhi."

Mama Chanuo alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuyaleta.